Kinanda cha Umeme na Mwendo wa Mkono
Somo kwa wapiga vinanda na waongozao kwaya



Mwimbaji aliyefundishwa vema haishiki sauti yake namna moja tangu mwanzo wa neno hata mwisho. Huianza kwa upole, huiongeza nguvu katikati, na pumzi ikikaribia kwisha huipunguza kidogo kidogo. Tena pengine huitetemesha, kama maji yatikisikavyo upepo upitapo juu yake.

Sasa kisikilizeni kinanda cha umeme kinachopigwa pamoja na kwaya. Waimbaji wapunguza sauti, nacho chabaki vilevile. Waimbaji wavuta pumzi, nacho hakijui ya kuwa kuna pumzi. Ndipo watu husema, "Kinanda hiki hakina uhai." Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si haki kumtupia mpigaji lawama yote. Huenda vidole vyake ni hodari, ila chombo hakikumpa njia ya kuitawala sauti baada ya kuianza.

Katika somo hili twataka kujifunza njia moja ya kuondoa upungufu huo, yaani kutumia kihisi cha mwendo: kifaa kinachotambua jinsi mkono uendavyo na kuugeuza mwendo huo kuwa nguvu ya sauti, au mtetemo wake. Twataka kujua kwanza kwa nini upungufu huo upo, kisha kifaa hiki chafanyaje kazi, na mwisho jinsi ya kukizoea bila kuiharibu nyimbo.

1. Kibao chasema mwanzo tu

Chini ya kila kibao cha kinanda cha umeme, kile cheupe au cheusi tunachokibonyeza, mara nyingi mna swichi mbili ndogo. Kibao kikishuka huigusa ya kwanza, kisha ya pili. Chombo hupima muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili. Muda ukiwa mfupi sana, chajua ya kuwa kidole kilipiga kwa nguvu; ukiwa mrefu, kilipiga kwa upole. Basi chatoa sauti kubwa au ndogo kwa kadiri hiyo.

Lakini angalieni: habari hiyo yote ni ya mwanzo wa sauti. Kidole kikiisha kufika chini, vinanda vingi vya bei nafuu havina la kuuliza tena, ila wakati wa kuondoka kidole. Viko vinanda vinavyopima pia mkandamizo wa kidole baada ya kibao kufika chini, walakini si wote walio navyo.

Kwa sauti ya piano jambo hili si hasara kubwa. Piano yenyewe ndivyo ilivyo: nyundo ikiisha kuupiga waya, sauti yafifia yenyewe, wala mpigaji hawezi kuikuza tena. Lakini tukichagua katika kinanda cha umeme sauti ya fidla, au ya filimbi, au ya tarumbeta, twaona mara moja kuna kitu kimepotea. Mpiga fidla huongoza upinde wake mpaka mwisho wa noti, na mpiga tarumbeta huongoza pumzi yake. Sauti zao zina mwanzo, katikati na mwisho. Kibao chetu kimepewa mwanzo peke yake.

2. Wazee wa kazi hii walifanyaje?

Tusidhani ya kuwa shida hii ilianza pamoja na umeme. Kinanda kikubwa cha filimbi, kile kinachopulizwa kwa upepo wa mivukuto, kilikuwa na shida iyo hiyo. Filimbi yake haiwezi kupulizwa kwa nguvu zaidi, kwa maana upepo ukizidi, noti hupotoka. Mwaka 1712 fundi Abraham Jordan aliweka katika kinanda cha kanisa la St Magnus, mjini London, dawa yake: baadhi ya filimbi zilifungiwa ndani ya sanduku lenye mlango, naye mpigaji aliweza kuufungua na kuufunga alipokuwa akipiga. Mlango ukifunguka, sauti yatoka kwa nguvu. Ukifungwa, yasikika kama kwa mbali. Vibao havikubadilika, kilichobadilika ni njia ya sauti baada ya kuzaliwa.

Tena kilikuja kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu, ambacho wazee wetu wengi wanakikumbuka. Mwaka 1842 Alexandre Debain wa Paris alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa chombo alichokiita harmonium. Katika vinanda vingi vya aina hiyo, mpigaji akivuta kizibo maalum, upepo hupita moja kwa moja kutoka mivukutoni bila kutulizwa kwanza katika ghala yake. Ndipo kila badiliko la mguu lilipata kusikika katika sauti. Aliyekanyaga kwa ghafula alisikika kwa ghafula. Aliyekanyaga kwa utaratibu aliimba pamoja na waimbaji. Kwa hiyo mguu ulikuwa pumzi ya kinanda. Umeme ulipokuja, kazi ya kukanyaga ilikoma, na watu walifurahi kupumzisha miguu. Lakini pamoja na kazi ile, pumzi nayo iliondoka.

3. Mkono uliopiga hewa

Mwaka 1920 huko Urusi, Lev Termen, mtu wa elimu ya umeme ambaye pia alicheza selo, alitengeneza chombo kinachopigwa bila kuguswa. Kilikuwa na antena mbili. Mkono wa kuume ukiikaribia antena iliyosimama, noti hupanda. Ukienda mbali, hushuka. Mkono wa kushoto ukishuka karibu na antena ya pili, iliyopindwa kama kitanzi, sauti hupungua. Ukiinuka, sauti hukua. Huko Marekani, alikopata hati ya uvumbuzi huu mwaka 1928, chombo chake kilijulikana kwa jina la theremin.

Je, chawezaje kuuona mkono? Ndani yake mna mitambo miwili inayotoa mitikisiko ya umeme ya haraka mno, isiyosikika kwa sikio. Mmoja haubadiliki. Wa pili hubadilika mkono ukaribiapo, kwa sababu mwili wa mtu na antena kwa pamoja hushika umeme kidogo, na kiasi kinachoshikwa hutegemea umbali ulio kati yao. Tofauti ya mitikisiko ile miwili ndiyo tunayoisikia kuwa noti. Likumbukeni jambo hili, umbali kugeuzwa kuwa umeme, maana tutalikuta tena mbele.

Aliyeonyesha uzuri wa chombo hiki kuliko wengi alikuwa Clara Rockmore, aliyezaliwa mwaka 1911. Tangu utoto alikuwa mpiga fidla, lakini udhaifu wa mkono ulimzuia kuendelea. Akaigeukia theremin, naye Termen alikitengeneza chombo vizuri zaidi ili kimfae. Waliomtazama waliona jambo la ajabu: alisimama kimya kabisa, bila kutikisa kichwa wala mwili. Kwa nini? Kwa sababu chombo hakijui kutenga mwendo wa makusudi na mwendo wa bure. Huuona wote, na wote huugeuza kuwa sauti. Fundisho hili ni la kwanza kwa kila mtu atakaye kutumia kihisi cha mwendo: kabla ya kujifunza kutembeza mkono, jifunze kuutuliza.

Huko Ufaransa, Maurice Martenot alionyesha mjini Paris mwaka 1928 chombo kinachoitwa jina lake, ondes Martenot. Baadaye chombo hicho kilipewa vibao ambavyo vyote pamoja viliweza kusogea kidogo kushoto na kuume. Mpigaji akikitikisa kidole kwa upande, kama afanyavyo mpiga fidla juu ya waya wake, noti hutetemeka. Mkono wa kushoto nao ulikuwa na kitufe chake cha nguvu: kikibonyezwa kidogo, sauti ndogo; kikizidi kubonyezwa, sauti kubwa; kikiachwa, kimya. Basi huyu alikuwa amekwisha kuunganisha vitu viwili tunavyovitafuta, yaani vibao vinavyojua noti, na mwendo wa mkono unaojua uhai wa noti.

4. Lugha ya vyombo

Ili kifaa kimoja kikiongoze kingine, lazima viwe na lugha moja. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana lugha iitwayo MIDI. Wawili waliotangulia katika kazi hiyo, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walipewa tuzo ya ufundi ya Grammy mwaka 2013 kwa ajili yake.

MIDI haipeleki sauti, hupeleka amri. Amri za kubadilisha sauti zina namba, na nyingi hupewa kipimo kuanzia 0 hata 127. Zifaazo kujulikana na mpigaji ni hizi:

Namba 1 mara nyingi hutetemesha sauti.
Namba 7 ni kiasi cha sauti cha chombo kizima.
Namba 11 ni kukua na kupungua kwa sauti ndani ya kiasi kile.
Namba 64 ni kanyagio linalodumisha sauti baada ya vidole kuondoka.

Wengi huchanganya namba 7 na namba 11. Fikirini hivi: namba 7 ni mahali unapomweka mwimbaji, karibu na watu au mbali, namba 11 ni pumzi ya mwimbaji huyo. Kihisi cha mwendo kitumwe kwa namba 11, na ile ya 7 iachwe kama ilivyopangwa kabla ya ibada au mazoezi. Tena iko amri ya kupinda noti juu au chini. Hiyo ina vipimo 16,384, maana sikio la mtu hutambua upesi noti ikipanda kwa ngazi ngazi badala ya kuteleza.

5. Vihisi vya mwendo

Mwaka 1998 kampuni ya Roland ilitoa chombo cha MC-505 chenye kitu kilichoitwa D Beam. Baadaye kiliwekwa pia katika vinanda vyake kama Fantom-X. Hutoa mwanga usioonekana kwa macho, nao ukiupiga mkono hurudi. Kwa kadiri ya mwanga urudio, chombo hujua mkono u karibu au u mbali. Kazi yake ni nyepesi kujifunza. Ila ina sharti moja gumu, kwamba mkono mmoja lazima uviache vibao.

Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ilitoa mchezo wa Wii, ambao kishikio chake kilitambua mwendo wa mkono na kupeleka habari bila waya, kwa Bluetooth. Haikupita muda mrefu watu wenye ujuzi wa kompyuta waliandika programu za kuzigeuza habari hizo kuwa amri za MIDI, na kitu cha mchezo kikawa kifaa cha muziki.

Ndani ya kishikio hicho, na ndani ya simu nyingi za siku hizi, mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikwa na springi ndogo. Kifaa kikisukumwa ghafula, kipande kile huchelewa kidogo nyuma, kama abiria arudishwavyo nyuma gari likiondoka. Nafasi kati yake na vibati vilivyo kando hubadilika, na pamoja nayo umeme ushikwao kati yao. Mnaona? Ni lile jambo la Termen: umbali umegeuzwa kuwa umeme.

Tena kwa kuwa uzito wa dunia hukivuta kipande kile daima, kifaa hujua kimelala au kimeinama hata kikiwa kimetulia. Kwa hiyo kuinamisha mkono hufaa kuliko kuutupa huku na huku. Mtupo hupita mara moja, lakini mwinamo waweza kushikwa kadiri utakavyo, kama pumzi. Walakini kihisi hiki peke yake hakitambui mzunguko wa kulia na kushoto juu ya meza iliyo sawa. Kwa kazi hiyo kiko kihisi kingine kinachopima mzunguko, nacho kiliongezwa katika kishikio cha Wii mwaka 2009.

Baadaye vihisi vilipunguzwa hata vikaingia katika pete ya kidole. Genki Instruments ya Iceland ilitengeneza pete iitwayo Wave, na Enhancia ya Ufaransa ilitengeneza iitwayo Neova, iliyokusudiwa hasa wapiga vinanda. Faida yake ni wazi: mkono hauachi vibao. Na mwaka 2019 kampuni ya Expressive E, ya Ufaransa pia, ilitangaza kinanda cha Osmose, ambacho kila kibao chake husogea kwa upande peke yake. Basi fikra ya Martenot imerudi kwa mavazi mapya.

6. Jinsi ya kujizoeza

Kwanza, chagua jambo moja. Mtu akiunganisha mwinamo na nguvu ya sauti, na mtikisiko na mtetemo, na kuinuka kwa mkono na mwangwi, yote siku moja, hatasikia lililo jema wala lililo baya. Mshika mbili, moja humponyoka. Anza na namba 11 tu.

Pili, chagua sauti inayodumu, kama fidla nyingi pamoja, au filimbi. Usianze na piano, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza.

Tatu, fikiri mikono yako ina kazi gani. Ukipiga sauti zote nne za wimbo, mikono miwili imeshikwa, na mwanga wa D Beam haukufai. Hapo yafaa pete, au mkono wa kushoto upige besi pekee. La sivyo, tumia kanyagio la nguvu ya sauti. Kwa wengi ni rahisi zaidi, wala si aibu. Kihisi cha mwendo si cha kuwaonyesha watu ustadi. Kanyagio likitosha, litoshe.

Nne, weka mipaka. Usiruhusu kipimo kishuke mpaka 0, maana kosa dogo la mkono litaizima sauti katikati ya ubeti, na waimbaji watapotea. Weka chini 50 hivi, na juu 127. Tena acha nafasi ya utulivu, yaani mwinamo mdogo usiobadilisha lolote, ili kidole kikiruka kutoka kibao hata kibao sauti isitikisike. Programu nyingi huweza kulainisha mwendo pia. Lakini ukilainisha mno, sauti itachelewa nyuma ya mkono.

Tano, piga noti moja. Hesabu nne ikikua, hesabu nne ikipungua. Rudia mpaka masikio yaridhike, macho yakiwa yamefumbwa. Kisha mstari mmoja wa wimbo unaoujua, nao uuimbe kwanza kwa kinywa, ukiangalia mahali unapovuta pumzi na mahali neno linapozidi uzito. Mkono uyafuate hayo. Asiyeweza kuuimba mstari hajui bado aufanyie nini mkono wake.

Sita, ndipo uingie kwaya. Hapo utaujua mtihani wenyewe. Kipindi cha kwanza mwombe mtu mmoja akae nyuma asikilize, kwa kuwa anayepiga hudhani amepunguza, kumbe wanaosikia hawakuona tofauti. Au hudhani ameongeza kidogo, kumbe amewafunika waimbaji.

Saba, jua jinsi ya kukifunga kifaa upesi. Mpigaji akiinua mkono kugeuza ukurasa, kifaa hakijui ya kuwa ni ukurasa. Kitaona mwendo, nacho kitatii.

Kwa habari ya kuchelewa: Bluetooth huchelewa kidogo kuliko waya. Kwa mwanzo wa noti kuchelewa huko ni kosa linalosikika. Kwa kukua kwa sauti polepole, ni vigumu kukutambua. Kwa hiyo vibao vipeleke amri zao kwa waya, na pete au simu ipeleke kwa Bluetooth.

7. Neno la mwisho

Mpiga kinanda wa zamani alikanyaga mivukuto mpaka miguu ikachoka, wala hakuna aliyemfundisha ya kuwa alikuwa akipumua kwa niaba ya chombo. Sisi tumepewa chombo kisichochoka, nacho hakipumui mpaka tukipe pumzi sisi wenyewe. Kihisi cha mwendo hakileti hisia ndani ya kinanda. Huifungulia tu mlango ile iliyomo tayari ndani ya mpigaji, kama sanduku la Jordan lilivyofungua mlango kwa sauti ya filimbi. Anayewasikiliza waimbaji wake atapata faida kubwa kwa kifaa kidogo. Asiyewasikiliza, hata akivaa pete kumi, atapata kelele inayopanda na kushuka.

Maswali ya kujifunzia

1. Kibao cha kinanda cha umeme hupimaje nguvu ya kidole, na ni habari gani kisichoweza kuipeleka?
2. Kwa nini Clara Rockmore alisimama bila kutikisika? Jambo hilo lakufundisha nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya amri namba 7 na namba 11?
4. Kwa nini mwinamo wa mkono hufaa kuliko mtupo wake?
5. Chukua wimbo mmoja unaoimbwa na kwaya yako. Tia alama mahali sauti inapokua, mahali inapopungua, na mahali pa pumzi. Kisha upige mara mbili, kwanza bila kihisi wala kanyagio, halafu pamoja nacho, mwenzako akisikiliza. Mwulize amesikia nini, nawe usimjibu mpaka amalize.